Kumpokea Mbwa Mkubwa, Mpevu na Mpole Nyumbani

Katika mji kama Kaliua, ambapo Reli ya Kati huachana na tawi lake liendalo Mpanda, na ambapo maofisa, walimu, wauguzi, mapadri na watu wa makampuni ya tumbaku huja kwa barua ya uhamisho na kuondoka kwa barua nyingine, hutokea si mara haba kwamba vyombo vyote vya nyumba hupakiwa katika lori, kuanzia kitanda hata jiko la mkaa, akaachwa langoni mbwa mkubwa aliyekosa nafasi kati ya magunia. Aghalabu mbwa huyo hana ukali wowote. Amelelewa kati ya watoto, amezoea kulala kibarazani, wala hajui kunyang'anyana mifupa na wenziwe wa mitaani. Lakini baada ya wiki chache za kuzurura sokoni na kukonda, watu wale wale waliokuwa wakimwita kwa jina lake humwita mbwa koko na kumrushia mawe. Ikiwa nia imekuingia ya kumtwaa mbwa wa namna hiyo na kumpa maskani kwako, pamoja na ahali yako, watoto na wazee, soma haya kabla hujamfungulia lango, maana utakaa naye kwa miaka kadhaa, na uzito wake haupungui sana uzito wa kijana wa shule.

Watakuwapo watakaokuambia kwamba mbwa hafai ila alelewe tangu hajafumbua macho, na kwamba mbwa mpevu aliyekwisha kuwa na bwana mwingine hawezi kukupenda. Maneno hayo husemwa sana na ushahidi wake ni haba. Mtoto wa mbwa humjui atakuwa na kimo gani, nguvu kiasi gani, wala hulka ipi. Unamlea kwa kubahatisha, na huenda baada ya mwaka mmoja ukajikuta na mnyama usiyemtaka. Mbwa wa miaka mitatu au minne, kwa upande wake, amekwisha dhihirisha kila kitu: ukitazama kwa makini na kuuliza kwa adabu, utajua kama huvumilia watoto, kama hufukuza mbuzi, kama huogopa radi, na kama hula kuku wa jirani.

Nchi hii yenyewe ina kisa kinacholingana na neno hilo. Henry Morton Stanley, msafiri wa bara, alipoondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 alifuatana na mbwa watano kutoka Uingereza. Wawili walikuwa mastifu wenye miili ya kutisha, Castor na Captain. Watatu waliobaki, Nero, Bull na Jack, walitolewa katika Makao ya Mbwa ya Battersea, London, nyumba ambayo Mary Tealby aliianzisha mwaka 1860 kwa ajili ya mbwa waliopotea na waliotupwa. Castor alikufa kwa joto siku ile ile ya kwanza, msafara ukiwa haujaiacha Bagamoyo mbali, na mwenziwe mastifu akawa hoi. Bull, mbwa asiyetakiwa na mtu katika mji aliotoka, ndiye aliyeishi kuliko wenziwe wote. Alitembea bara mwezi baada ya mwezi hata akafika Unyamwezi, akafia huko mwaka 1876, mwaka ule ule Stanley alipokutana na Mirambo, mtemi wa huko. Mimi hukichukua kisa hiki kwa faida mbili: kwanza, kwamba mbwa aliyetupwa si mbwa dhaifu, na pili, kwamba mwili mkubwa katika jua letu ni mzigo kwa mwenye nao, jambo ambalo nitalirudia mahali pake.

Kabla ya kwenda kumtazama mbwa, waite watu wa nyumbani mkae kitako. Pasiwe na mmoja anayeburutwa, kwa kuwa mbwa mkubwa hawezi kufichwa uani kama bata, na mama asiyemtaka ndiye atakayekuwa naye mchana kutwa wewe ukiwa kazini. Ikiwa nyumba yenu ni ya Kiislamu, kama zilivyo nyumba nyingi za njia ya zamani ya misafara ipitayo huku kwetu, jambo hili lina adabu yake inayojulikana: wanazuoni wamejuzisha mbwa wa ulinzi, wa mifugo, wa mashamba na wa kuwinda, na madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, huhesabu mate yake kuwa najisi, hivyo chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mpe chombo chake mwenyewe kisichoingia jikoni, mzuie asiingie mahali pa kusalia, na makao yake yawe nje. Na asiyeridhika nafsi yake na akumbuke kwamba katika Surat al-Kahf mbwa wa watu wa pangoni ametajwa pamoja nao, naye yuko kizingitini. Kizingitini ni mahali pazuri sana pa mbwa mkubwa, katika nyumba ya dini yoyote. Waambie na majirani pia, hasa wenye mbuzi na wenye wazee wanaopita kwako alfajiri, ili asije mtu akapigwa na butwaa, akaokota jiwe, na uadui ukaanza kabla ya mazoea.

Kama hakuna mbwa wa kufaa karibu nawe, zipo taasisi zinazookoa mbwa na kuwatafutia makao: Mbwa wa Africa huko Usa River karibu na Arusha, ZAASO kule Unguja, na kwa wenzetu wa Nairobi, KSPCA. Lakini kumsafirisha mbwa wa kilo 40 kutoka Arusha hata Kaliua si mchezo, na kwa insafu naona heri kwanza kumwangalia yule anayelala mbele ya nyumba iliyohamwa na wenyewe.

Ukimpata, mtafute bwana wake wa zamani, walau kwa simu, na umwulize mambo ambayo mbwa hawezi kuyasema. Alichanjwa lini, na kadi iko wapi? Amewahi kumwuma mtu, na kwa sababu gani? Huitwa jina gani? Neno hili la jina lisikuchekeshe; ikiwa ni Simba, Bobi au Tomi, liache hilo hilo, kwa sababu katika nyumba ngeni jina lake ndicho kitu pekee anachokifahamu. Uliza pia kama aliumwa siku za karibuni na mbwa asiyejulikana au mnyama wa porini, kwa maana kichaa cha mbwa huweza kukaa ndani ya mwili wiki nyingi na hata miezi kabla ya kujitokeza. Na jibu likiwa ndiyo, basi upole wake wa leo usikudanganye, umwone kwanza mganga wa mifugo kabla ya kumsogeza karibu na watoto.

Kisha mtazame kwa macho yako, si siku moja. Nenda asubuhi, urudi jioni. Simama ubavu, usimkodolee macho, umwache aje akunuse mwenyewe. Mbwa mpole wa kweli huwa na mwili uliolegea, mdomo uliofunguka kidogo, na mkia unaotikisika pamoja na kiuno chote. Yule anayekauka ghafula, akafumba mdomo, akageuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, anakuambia kwamba ana hofu, na mbwa mkubwa mwenye hofu ni hatari kuliko mbwa mdogo mkali. Mpe chakula, umwone kama hunguruma ukipita karibu. Apite mtoto anayelia, ipite bodaboda, lipite kundi la ng'ombe wa Wasukuma linalokwenda malishoni, nawe utazame yeye hufanya nini. Mdomo wenye mvi na meno yaliyolika na kufunikwa ugaga huonyesha kwamba ana umri mkubwa kuliko unavyoambiwa. Mbavu zinazoonekana si kasoro. Njaa hutibika kwa chakula.

Akikupendeza, mtangulize kwa afisa mifugo wa halmashauri kabla ya kumtangulizia banda. Chanjo ya kichaa cha mbwa si jambo la kuahirisha: Shirika la Afya Duniani husema kwamba karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu, 99 kwa kila 100, hutokana na mbwa, na mtu akishaonyesha dalili hana tiba. Mchanje, upokee kadi, uiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, na umrudishe kila mwaka. Na wote nyumbani wajue kwamba akiumwa mtu, na mbwa wa yeyote, jeraha huoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha huendwa hospitali siku ile ile, wala hapangojwi kuona kama jeraha litavimba. Mhasi pia ikiwa yuko daktari wa kufanya kazi hiyo, maana dume lisilohasiwa hutoroka kufuata majike na kurudi na majeraha, na jike hukuletea watoto ambao hutapata wa kuwapa.

Siku ya kumleta nyumbani iwe siku ya utulivu, isiwe siku ya arusi wala ya mnada. Mzungushe uani akiwa katika kamba, anuse kila pembe, aonyeshwe maji na mahali pa kulala, kisha aachwe. Kwa wiki mbili za mwanzo usitarajie chochote. Wengine hukataa kula, wengine hulala tu, wengine hukufuata nyayo kwa nyayo kwa kuhofu kwamba nawe utapakia lori. Mtu mmoja amlishe, kwa saa zile zile, naye atajifunza utaratibu wa nyumba upesi kuliko unavyodhani. Na wageni wasiitwe kuja kumtazama. Mara nyingi hulka yake halisi haidhihiriki mpaka mwezi wa pili au wa tatu, atakapokuwa ameamini kwamba hapa ndipo kwake.

Sasa nije kwenye mnyororo, ambao naomba usiununue. Kumfunga mbwa mkubwa mchana kutwa chini ya mwembe ndiko kunakomgeuza kuwa mkali, kwa sababu aliyenyimwa njia ya kukimbia hubakiwa na njia moja tu, ya kuuma. Kwetu ipo pia sababu nyingine ambayo watu wa nchi nyingine hawaijui. Mkoa wa Tabora ni nchi ya asali. Mizinga imetundikwa mitini hata karibu na nyumba, na nyuki wakichokozwa hushuka kwa wingi wao wote. Watu hukimbilia ndani na kufunga milango, mbwa aliye huru hukimbia porini, lakini mbwa wa mnyororo hana pa kwenda, naye huumwa hata akafa mbele ya wenyewe wasioweza kumkaribia. Jenga uzio. Kama ni wa manyara, kumbuka kwamba utomvu wake huunguza macho, na kwamba mbwa wa kilo 40 akiamua kupita atapita. Ongeza miti na waya kwa ndani. Ikibidi kumfunga kwa saa chache, mfunge kwa kamba ndefu, kivulini, mbali na mizinga, na pawe na mtu nyumbani.

Kivuli nimekitaja, na hapa ndipo Castor anaporudi. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na mwili mkubwa wenye manyoya mengi huchelewa kupoa. Septemba na Oktoba, mvua ikiwa haijaanza na ardhi ikiwaka, usimtembeze baada ya saa tatu asubuhi wala kabla ya jua kupunga. Ukimwona anahema kwa nguvu, ulimi umekuwa mwekundu mno, anapepesuka, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, umpepee, umpe maji anywe kidogo kidogo.

Kuhusu watoto, mashariti ni machache lakini yasivunjwe. Mtoto asimwendee mbwa anapokula, asimwamshe kwa kumrukia, asimkumbatie shingoni hata kama mbwa amevumilia jana. Na mtoto aliye chini ya umri wa shule asiachwe naye peke yake, si kwa sababu mbwa ni mbaya, bali kwa sababu mkia wake tu watosha kumwangusha mtoto juu ya jiko la mkaa. Mbwa akinguruma usimpige. Kunguruma ni kuomba nafasi kwa adabu. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hunyamaza, na siku nyingine huuma bila kutoa onyo, na watu wote husema ameuma bila sababu.

Chakula cha mbwa wa kilo 40 ni gharama ya kufikiriwa mapema. Kwa siku atahitaji ugali wa kiasi cha robo hata nusu kilo ya unga, uliochanganywa na dagaa waliooshwa mchanga, au utumbo uliopikwa ukaiva, na mboga kidogo. Tengeneza bila vitunguu, ambavyo huharibu damu yake, na bila chumvi nyingi. Utumbo mbichi na mapafu kutoka machinjioni usimpe, kwa sababu ndimo anamopata minyoo ambayo kisha huwapa watoto wako; na dawa ya minyoo apewe kila baada ya miezi mitatu. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali na kutoboa matumbo. Mgawie chakula mara mbili, asubuhi na jioni, na baada ya kula apumzike, kwa kuwa mbwa wakubwa wenye vifua vya kina kirefu wakila kwa pupa kisha wakakimbia tumbo huweza kujaa hewa na kujipindua, nao hufa siku hiyo hiyo.

Ama maradhi, Kaliua ina yake. Miombo yetu ni makao ya ndorobo, na watu wa hapa wanajua habari za malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Wengi hawajui kwamba mbwa naye hupata nagana, tena humwangusha upesi. Mbwa aliyefuatana na bwana wake porini au shambani, kisha wiki chache baadaye akawa na homa, uso uliovimba, ufizi mweupe, na jicho lililoingia ukungu wa buluu, asidhaniwe kuwa amepigwa na mtu jichoni: apimwe damu. Dawa ipo, ile ile ya ng'ombe, na ndiyo maana jirani mfugaji, kwa wema wake, atakuja na sindano mkononi. Mshukuru, umkatalie. Kwa mbwa kipimo cha dawa hiyo ni chembamba sana, na ikizidi hudhuru ubongo. Mganga wa mifugo ampime uzito kwanza. Kupe mwondoe kila siku kwa mkono, masikioni na kati ya vidole, kwani huleta homa inayoweza kumtoa damu puani. Tazama pia nyayo zake, upate kumtoa funza. Funza hawa wenyewe ni wageni waliozoea, maana waliingia Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, na kabla ya karne kwisha walikuwa wamelivuka bara hata Unguja, wakisafiri miguuni mwa wapagazi. Nyumba ambayo mbwa wake ana funza, watoto wake hawatapona.

Msimu wa tumbaku uwe na tahadhari zaidi. Sumu za kunyunyizia vitalu, ndoo zilizochanganyiwa, na majani yaliyotupwa karibu na mabani ni mauti kwa mbwa anayelamba kila kitu. Asifuatane nawe siku ya kunyunyiza.

Mwisho ni neno la umri, ambalo wengi hawaambiwi. Mbwa wakubwa huzeeka mapema kuliko wadogo: aliyekuja kwako akiwa na miaka minne, akifika minane au tisa ataanza kuinuka kwa taabu asubuhi za Juni na Julai kukiwa na baridi, na nyonga zitamwuma. Mtandikie magunia makavu juu ya sakafu iliyoinuliwa, umpunguzie ugali asinenepe, umtembeze polepole lakini kila siku. Na hapo, kwa huruma, utashawishika kumgawia vidonge vyako vya maumivu. Usifanye hivyo: panadoli, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo sisi hununua dukani bila kufikiri, humharibu mbwa ini, figo na utumbo. Mwambie afisa mifugo akupatie dawa inayomfaa mbwa, kwa kipimo cha uzito wake wa siku hiyo.